Kisutu na Wekundu wa Heshima katika Mwambao

Katika karne ya 19, watumwa wanawake wa Unguja walivaa zaidi merikani, yaani kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho kwa miaka mingi kililetwa na merikebu za Salem, Marekani, au kaniki, ambayo ni kitambaa kilichochovywa katika nili hadi kikawa buluu iliyokoza au cheusi. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, wengi wa waliopata uhuru waliyapa kisogo mavazi hayo na kujitanda kanga za rangi, na itakuwa kuwapunja kudai kwamba walitafuta urembo tu, kwa kuwa rangi ilikuwa tangazo la hadhi ambalo kila mpita njia aliweza kulitambua.

Miongoni mwa kanga hizo, kisutu kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Hii ni kanga ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo mji wake, yaani uwanja wa kati, hujaa alama ndogondogo zinazojirudia kwa safu, nao umezungukwa na pindo pande zote nne, huku mara nyingi ikikosa jina, yaani msemo unaochapwa kwenye kanga nyingine. Ingawa mitindo ya kanga hubadilika kila msimu, wachapaji wameendelea kukitoa kisutu kwa rangi zilezile, kwa sababu familia nyingi za mwambao bado hukihitaji kwa ajili ya bibi harusi.