Picha za Ndege Warukao katika Nyika za Simiyu na Serengeti

Mkoa wa Simiyu, ambao makao makuu yake ni Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, lakini nyika zake za mashariki ziliingia mapema zaidi katika historia ya upigaji picha za wanyamapori, kwa kuwa zinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na zimebeba Pori la Akiba Maswa, lililotangazwa mwaka 1962. Mpaka huo uligawa pia vyombo: ndani ya hifadhi uwindaji ulikatazwa na kamera ikatawala, ilhali Maswa bunduki ya mwindaji mwenye leseni iliendelea kuruhusiwa, ingawa tumbusi walao mizoga ya pande zote mbili ni wale wale.

Vyombo hivyo viwili vilikuwa na undugu tangu mwanzo. Mwaka 1882 mwanasayansi Mfaransa Étienne-Jules Marey alibuni kamera yenye umbo la bunduki, iliyopiga picha 12 kwa sekunde, ili achunguze mwendo wa mabawa. Na mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyezunguka Afrika Mashariki ya Kijerumani na kamera za sahani za kioo, alichapisha kitabu ambacho jina lake liliitaja taa ya kupigia picha sambamba na bunduki. Kwa miongo mingi baadaye, fokasi, yaani kusogeza vioo vya lenzi hadi taswira iwe kali, ilibaki kazi ya vidole, na ndege aliyetua au aliye kiotoni alikuwa windo jepesi kuliko aliye hewani.

Waliotaka kumjua ndege akiwa anaruka walilazimika kumfuata huko huko juu, na hatari yake ilikwisha kuonekana: Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, alifariki tarehe 10 Januari 1959 baada ya ndege yao yenye milia ya punda milia kugongana na tumbusi. Hata hivyo, mtafiti Colin Pennycuick aliingia katika anga hiyo hiyo kwa nyiriri, yaani eropleni ya kuelea hewani, yenye injini ndogo, akaruka pamoja na tumbusi na korongo, na mwaka 1972 akachapisha matokeo yake kuhusu namna wanavyopaa bila kupiga mabawa.

Kwa mpiga picha aliyebaki chini, mageuzi yalikuja na Minolta 7000 ya mwaka 1985, kamera iliyoweka kihisi na mota ya fokasi ndani ya mwili wake. Kihisi hicho hulinganisha miale inayopita pande mbili za lenzi, na tofauti kati yake huonyesha lenzi isogezwe upande gani na kwa kiasi gani. Hilo pekee halikutosha, kwa sababu ndege anayemjia mpiga picha kwa kilomita 50 kwa saa husogea sentimita 70 hivi katika sehemu moja ya ishirini ya sekunde, muda ambao kioo cha kuakisi kilicho ndani ya kamera kinaweza kuuhitaji ili kinyanyuke kabla ya picha kupigwa. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980 watengenezaji waliongeza ufuatiliaji wa kukadiria, ambapo kamera hupima umbali mara kwa mara na kulenga pale ndege atakapokuwa, si pale alipo. Kuanzia mwaka 2020 kamera zisizo na kioo hicho, kama Canon EOS R5 na baadaye Sony Alpha 1, zilifundishwa kumtambua ndege, hata jicho lake.

Jambo moja la nyika hizi bado linaisumbua mitambo hiyo. Tumbusi, akiwa mzito, hungoja ardhi ipate joto na hewa ianze kupanda ndipo apae, yaani asubuhi ikiwa imekwisha kukomaa. Na joto hilo hilo, hasa kiangazi, huifanya hewa iliyo karibu na ardhi icheze, hivyo lenzi ndefu iliyoelekezwa mbali hupokea taswira inayotetemeka, ambayo kihisi chochote hushindwa kuikaza.