Nyumba ya Vipepeo: Historia ya Risasi Kwenye Petroli

Neno "risasi" kwetu lina maana mbili: madini mazito ya rangi ya kijivu, na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Ukisoma historia ya petroli utaona maana hizo mbili haziko mbali sana.

Desemba 1921, mjini Dayton, Marekani, Thomas Midgley wa General Motors alikuwa anatafuta dawa ya injini zinazogonga. Akagundua kwamba ukitia kwenye petroli kiasi kidogo tu cha kimiminika chenye risasi, injini inatulia. Mwaka 1923 mafuta hayo yakaanza kuuzwa. Hapo ndipo penye ujanja: yalipewa jina "Ethyl", jina jepesi, kama la binti wa jirani. Risasi haikutajwa.

Kwa nini ifichwe? Kwa sababu sumu yake ilijulikana tangu zamani sana. Hulegeza viungo, huvuruga akili, huua. Midgley mwenyewe ilimdhuru mapema mwaka 1923, akaenda Florida kupumzika.

Vibarua hawakuwa na Florida ya kwenda. Katika kiwanda cha DuPont kule Deepwater, New Jersey, jengo moja liliitwa "Nyumba ya Vipepeo", maana waliofanya kazi humo walianza kuona wadudu wasiokuwepo, wakawa wanawafukuza hewani kwa mikono. Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, jimbo hilohilo, watu 5 walikufa wakiwa wamerukwa na akili, na wengine zaidi ya 30 wakalazwa. Msemaji wa kampuni akasema eti huenda walichanganyikiwa kwa kufanya kazi kupita kiasi! Siku chache baadaye Midgley akaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kimiminika kile na kukinusa mbele yao, kuonyesha kuwa hakina neno.

Mei 1925 serikali iliitisha mkutano mjini Washington. Daktari Alice Hamilton, bingwa wa maradhi ya viwandani, na Yandell Henderson wa Chuo Kikuu cha Yale walionya kuhusu risasi itakayotapakaa mitaani. Hoja yao haikuwa kibarua anayeanguka leo, bali mpita njia anayevuta moshi kila siku, miaka nenda miaka rudi. Biashara ikasimama kwa muda, kisha mwaka 1926 ikaendelea kama kawaida.

Hebu tujiulize ilikuwaje. Ugonjwa unaoua kwa siku chache huandikwa gazetini. Unaomla mtu polepole haupigi kelele. Risasi inapoingia mwilini hujifanya kalisi, na mwili huipokea kama mgeni wa siku zote: mifupani, menoni, hadi kwenye ubongo. Mtoto haanguki, wala hapati homa. Anakuwa mzito wa kushika masomo, basi, na lawama inamwangukia yeye au mama yake.

Ushahidi ulitoka kinywani mwa watoto wenyewe, tena bila wao kusema kitu. Mwaka 1979 Herbert Needleman na wenzake walichapisha utafiti uliopima risasi kwenye meno ya utotoni yaliyong'oka ya watoto wa Massachusetts. Waliokuwa na risasi nyingi walipata alama za chini katika vipimo vya akili, na walimu wao walisema hawatulii darasani. Machoni pa daktari, hawakuwa wagonjwa.

Kwetu Afrika mambo yalichelewa. Mwaka 2001 wajumbe walikutana Dakar wakakubaliana kuiondoa petroli hiyo, na kufikia mwanzoni mwa 2006 karibu nchi zote za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Algeria ndiyo iliyofunga ukurasa Julai 2021, kama lilivyotangaza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Tangu ugunduzi wa Dayton, ilikaribia miaka 100.

Wale waliofukuza vipepeo walikuwa mashahidi wa kwanza, ila ushahidi wao ulihesabiwa kuwa wazimu. Na kesi haijaisha. Risasi haiozi. Iliyotoka kwenye ekzosi za magari ya zamani bado imo kwenye udongo wa kandokando ya barabara, na watoto bado wanauchezea.