Ukuta Usiobeba Kitu

Tangu mwanadamu alipoanza kujenga nyumba, ukuta ulikuwa na kazi mbili: kubeba na kukinga. Ulibeba dari na paa, tena ulizuia jua, mvua, upepo na mwivi. Kazi hizo zilikaa pamoja kwa maelfu ya miaka hata ikawa vigumu kufikiri kwamba zaweza kutengana. Nyumba ilipozidi kwenda juu, ukuta wa chini ulizidi kunenepa, kwani ulikuwa umetwikwa uzito wa yote yaliyo juu yake. Mfano mashuhuri uko Chicago, Marekani, katika jengo la Monadnock, ambalo nusu yake ya kaskazini ilimalizika mwaka wa 1891. Lina orofa 16 za matofali, na kuta zake chini kabisa zina unene wa futi 6. Mwenye kupanga chumba cha chini hupewa giza na unene wa ukuta pale ambapo angalipenda kupewa nafasi na nuru.

Hata hivyo, katika mji huo huo njia nyingine ilikuwa imekwisha kuonekana. William Le Baron Jenney alimaliza mwaka wa 1885 jengo la orofa 10 la kampuni ya bima, ambalo sehemu kubwa ya uzito wake ilichukuliwa na mifupa ya chuma iliyofichwa ndani. Jengo hilo lilibomolewa mwaka wa 1931, lakini fikira yake haikubomoka. Ikiwa nguzo na mihimili ya chuma yatosha kubeba, basi ukuta wa nje umefunguliwa mzigo; waweza kuwa mwembamba, waweza kutungikwa kwenye kingo za sakafu, waweza hata kuwa wa kioo kitupu. Wajenzi wakauita ukuta wa pazia. Jina lenyewe ni kongwe, na zamani lilikuwa la ukuta wa ngome uliounganisha mnara na mnara, ukuta mzito usio na upole wa pazia hata kidogo. Katika maana yake mpya jina limekaa mahali pake, kwa kuwa pazia halibebi, pazia hubebwa.

Dalili za jambo hili zilikuwapo mapema zaidi. Joseph Paxton, mtunza bustani, alijenga London mwaka wa 1851 jumba la maonyesho la chuma na vioo lenye urefu wa futi 1,848, nalo likateketea kwa moto mwaka wa 1936. Peter Ellis alijenga Oriel Chambers huko Liverpool mwaka wa 1864, akachekwa na wakosoaji wa wakati wake kwa wingi wa vioo vyake. Mwaka wa 1918 Willis Polk alitandaza kioo mbele ya jengo la Hallidie katika San Francisco, futi chache mbele ya nguzo zenyewe. Wote hao walitaka nuru, tena kwa gharama ya kadiri. Alitokea mwingine aliyetaka zaidi ya hayo.

Mtu huyo alikuwa Le Corbusier, msanifu wa majengo aliyezaliwa Uswisi na kufanya kazi Ufaransa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Jeshi la Wokovu lilimwomba yeye na binamu yake, Pierre Jeanneret, walijengee nyumba ya kupokea maskini katika Rue Cantagrel, Paris. Wakazi wake walikuwa watu wasio na makao, wanaume na wanawake, pamoja na kina mama na watoto wao. Fedha nyingi zilitolewa na binti wa Singer, yule ambaye cherehani zake zimeshona kanzu na kanga nyingi za pwani ya Afrika Mashariki. Binti huyo aliolewa na mwana wa ukoo wa kikabaila, akajulikana kwa jina la Princesse de Polignac.

Upande wa nyumba unaoelekea kusini Le Corbusier aliufanya ukuta mmoja wa kioo, kama mita za mraba 1,000, usio na dirisha hata moja la kufunguka. Hakufanya hivyo kwa kusahau. Aliamini kwamba dirisha ni kasoro, maana huingiza vumbi, kelele na baridi. Hewa ingetoka kwenye mitambo, imesafishwa na kupimwa joto lake, ikagawiwa vyumbani. Ukuta nao ungekuwa wa vioo tabaka mbili, na katikati yake ingepitishwa hewa ya moto wakati wa baridi na hewa baridi wakati wa joto, hata hali ya nje isimguse aliyemo ndani. Maskini wa Paris wangepata hewa bora kuliko ya tajiri. Hapana shaka lilikuwa kusudi jema.

Lakini fedha zilipungua. Tabaka la pili la kioo halikuwekwa, wala mitambo ya kupoza hewa haikununuliwa. Kilichobaki ni kioo kimoja na mitambo ya kutia joto. Nyumba ilifunguliwa Desemba 1933, katika baridi kali, na kila aliyeingia akasifu: jua liliingia tele, vyumba vilikuwa na joto, na watoto walicheza katika nuru. Kisha ukaja wakati wa joto.

Kioo kina tabia moja ambayo kila mtu aliyeacha gari juani anaijua. Hupitisha mwanga wa jua bila kizuizi, lakini sakafu, vitanda na kuta zikisha kupata moto kwa mwanga huo, joto lake haliwezi kurudi nje kwa njia ile ile. Mtu wa kawaida hufungua dirisha. Katika Rue Cantagrel hapakuwa na la kufungua. Watu walikosa hewa vyumbani, na malalamiko yakaongezeka, hasa kwa ajili ya watoto. Mwaka wa 1935 ofisi ya polisi ya Paris, iliyosimamia afya ya majengo, ilidai madirisha ya kufunguka yatiwe. Le Corbusier alipinga kwa barua na hoja. Alisema mitambo ya hewa yatosha, na kwamba kutoboa ukuta ni kuharibu fikira nzima. Alishindwa, na madirisha madogo yakatiwa.

Ni rahisi kumlaumu, wala lawama hiyo haikosi haki, kwani mwenye kutetea kioo hakulala nyuma yake usiku wa Julai. Lakini kosa halikuwa katika fikira yenyewe peke yake. Ukuta wa zamani ukipunguzwa nusu ya fedha zake, bado hubaki ukuta. Ukuta wa pazia uliotegemea mitambo, mitambo ikikosekana, ulibaki kuwa mtego wa jua. Aliuacha ukamilishwe nusu, akautetea kana kwamba umekamilika.

Jambo la ajabu ni kwamba alijifunza. Mwaka wa 1936 alikwenda Rio de Janeiro kuwashauri wasanifu wa Brazil waliojenga Wizara ya Elimu na Afya, na katika jengo hilo kioo cha upande wa jua kilitiliwa mbele yake vibao vya kukinga jua, vinavyogeuzwa kwa mkono. Mwaka wa 1944, Paris ilipokuwa ikikombolewa, bomu lilianguka karibu na Rue Cantagrel na kuvunja ukuta wa kioo. Ulipojengwa tena baada ya vita, ulitiwa madirisha ya kufunguka na vikinga-jua vya saruji.

Wakati huo huo Marekani ilikuwa ikielekea kule alikotoka yeye. Mwaka wa 1947 alikuwa miongoni mwa wasanifu wa makao makuu ya Umoja wa Mataifa katika New York, akataka mnara wa ofisi uwekewe vikinga-jua. Hakusikilizwa. Mnara wa orofa 39 ulimalizika mwaka wa 1950 ukiwa na kioo cha rangi ya kijani pande zake mbili pana, na kazi ya kushindana na jua ikaachiwa mitambo ya kupoza. Mvua nayo ilileta habari mpya: upepo unaopanda mnara husukuma maji juu, yakaingia katika matundu yaliyotobolewa ili maji yatoke. Miaka miwili baadaye, Lever House ilifunguliwa karibu na hapo, madirisha yote yamefungwa, na wasafishaji wakiteremshwa kutoka paani ndani ya kitundu kuosha vioo. Wenye jengo walikuwa wauza sabuni, nao hawakuona vibaya kuoshwa hadharani. Mwaka wa 1959 Wapilkington wa Uingereza walitangaza namna ya kumwaga kioo cha moto juu ya bati iliyoyeyuka, kikatoka bapa bila kusuguliwa. Na tangu hapo bei ya kioo haikuwa tena kizuizi kikubwa.

Ukuta wa vioo wa mnara wa Umoja wa Mataifa ulibadilishwa wote katika ukarabati ulioanza mwaka wa 2008, kwa kuwa ulivuja na kupoteza joto. Nyumba ya Rue Cantagrel nayo ilikarabatiwa katika miaka ya 2010. Ingali mikononi mwa Jeshi la Wokovu, na wasio na makao wangali wakipokewa humo.