Hukwe Zawose: Mpiga Zeze wa Ugogo Aliyeweka Maskani Bagamoyo

Hukwe Ubi Zawose ni miongoni mwa wanamuziki wa asili wa Tanzania waliofahamika zaidi duniani katika karne ya 20. Alizaliwa kati ya mwaka 1938 na 1940 vijijini Dodoma, katika familia ya wakulima na wafugaji, akafariki dunia Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Alikuwa mwimbaji, mpiga zeze na mpiga ilimba, na kwa miaka mingi alifundisha sanaa katika mji huo wa Pwani, mbali na nyanda kavu za Ugogo alikokulia.

Zeze la Wagogo ni chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde. Lina kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini wa mti na nyuzi zinazoweza kuwa mbili au zaidi. Nchini Marekani fidla ndiyo nguzo ya muziki wa mashambani uitwao kantri. Ugogoni kazi hiyo ya kumfuata mwimbaji, kumjibu na kumsindikiza hufanywa na zeze. Mpangilio wa sauti zake hautokani na ngazi ya piano, bali na sauti za juu ambazo uzi mmoja huzizaa unapotetemeka. Sikio lililozoea kinanda hudhani zeze limepotoka, ilhali limepangwa kwa usahihi wake lenyewe. Zawose alilipiga pamoja na ilimba, sanduku lenye ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba, ambalo matundu yake huzibwa kwa utando wa buibui ili litoe mvumo. Juu ya vyombo hivyo alipandisha sauti yake mwenyewe, kutoka besi nzito hadi sauti nyembamba ya juu kabisa.

Safari yake ya kitaifa ilitokana na sera. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akieleza kwamba ukoloni uliwafundisha Waafrika kuzidharau ngoma zao. Baadaye Mwalimu alimwalika Zawose kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam, na muziki uliokuwa wa mavuno na jando ukaanza kupigwa mbele ya hadhira ya taifa zima. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo. Chuo hicho, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), ndicho kilichomfanya Zawose kuwa mkazi wa Pwani.

Hapo inafaa kutua kidogo. Zawose hakuwa mwenyeji wa Pwani. Wenyeji wa maeneo hayo, kuanzia mjini hadi Kiwangwa, kata ya mananasi iliyo kwenye barabara ya Bagamoyo–Msata, ni Wakwere, Wazaramo, Wadoe na wengineo, wenye ngoma zao wenyewe. Hata hivyo muziki wa Kigogo uliota mizizi Bagamoyo, kwa kuwa mwalimu wake aliishi hapo, akalea hapo watoto na wajukuu, na kuwafundisha kazi yake.

Nje ya nchi alianza kusikika kupitia albamu ya Tanzania Yetu (1985), iliyotolewa Uingereza. Ilifuatiwa na nyingine, zikiwemo Chibite (1996) na Assembly (2002), aliyoifanya pamoja na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada. Hizo mbili zilitolewa na Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel. Mwaka 2002 yeye na mpwa wake Charles Zawose walishiriki katika ziara ya Gabriel huko Amerika Kaskazini.

Kisha misiba miwili ikafuatana. Hukwe alifariki mwishoni mwa 2003, na Charles, aliyetazamiwa kuwa mrithi wake, akafariki mwaka 2004. Katika muda mfupi familia iliwapoteza mwalimu na mwanafunzi wake mkuu, kwa sanaa ambayo haikuandikwa kwenye karatasi na ambayo hupokewa kwa kukaa karibu na anayeijua.

Jibu la swali la urithi lilitoka mahali ambapo wengi hawakupatazama. Kwa desturi ya Wagogo, wanawake ndio wapigaji wa ngoma za muheme, lakini zeze na ilimba vilihesabiwa kuwa vya wanaume. Katika familia ya Zawose wanawake waliimba nyuma na kucheza. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijulikana kama The Zawose Queens, walitoa albamu yao Maisha kupitia kampuni ileile ya Real World, wakiwa wao ndio waimbaji wakuu na wapigaji wa vyombo hivyo.

Ugogoni kwenyewe, muziki huo una jukwaa lake katika Tamasha la Muziki wa Cigogo linalofanyika Chamwino, Dodoma. Bagamoyo, tamasha la kimataifa la sanaa na utamaduni lililoanza mapema miaka ya 1980 bado huandaliwa na TaSUBa, ambako vyombo vya asili ni sehemu ya mafunzo ya wanachuo.