Mji wa Munich na Kompyuta Zake

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu iliyo msingi wa programu nyingine zote. Mfumo huo ndio uiamshao mashine, uyafunguao majalada, na uamuao nani aingie na nani azuiwe. Auchaguaye ni kama achaguaye bawabu: humkabidhi funguo za nyumba, na ndani ya nyumba mna siri.

Mwaka 2003 Munich, mji mkubwa wa kusini ya Ujerumani, ulipaswa kuchagua bawabu mpya. Kompyuta zake zipatazo 14,000 zilitumia Windows NT 4.0, na kampuni ya Microsoft ilikuwa karibu kuacha kuziba nyufa za mfumo huo. Kununua Windows mpya kulikuwa njia nyepesi. Njia ya pili ilikuwa Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi mjini Helsinki. Maagizo yaliyoandikwa ndani ya Linux yako wazi. Kila ajuaye aweza kuyasoma na kuyarekebisha. Ya Windows yamefichwa, na mnunuzi hana budi kumwamini muuzaji.

Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati ule, aliikatiza likizo yake kwenda kumwona meya, Christian Ude, na bei ikapunguzwa. Lakini baraza halikutafuta bei tu. Halikutaka afisi zote za mji zitegemee kampuni moja. Likachagua Linux.

Kazi ilichukua miaka kumi. Kuuweka mfumo mpya hakukuwa taabu kubwa. Taabu ilikuwa barua na fomu zilizotungwa kwa Windows tangu zamani, ambazo zilitakiwa kuundwa upya moja moja, na programu za kazi maalumu zisizokubali Linux kabisa. Ilipofika 2013 karibu kompyuta 15,000 zilikuwa zimehama. Hata hivyo barua za mji haziishii mjini. Hati kutoka serikali nyingine na makampuni zilikuja kwa muundo wa Microsoft, zikafunguka zimevurugika, na makarani wakanung'unika. Ripoti iliyoandikwa mwaka 2016 kwa ajili ya mji ilionyesha kuwa matatizo mengi yalitokana na usimamizi kuliko mfumo wenyewe. Lakini karani ambaye hati yake imevurugika hasomi ripoti! Mwaka 2017 baraza liliamua kurudi kwenye Windows.

Kwa maoni yangu, madiwani wa 2003 waliuliza swali la haki kuhusu funguo, wakachelewa kuuliza karani hufanya kazi gani kutwa. Na wale wa 2017 walirudi kwa bawabu mwenye tabia mpya: Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, hupeleka kwa Microsoft habari za hali ya kompyuta, na katika matoleo ya kawaida mwenye mashine hawezi kuzizuia zote.

Mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini ya Ujerumani, lilitangaza safari kama ile kwa kompyuta 30,000. Lilianza na programu ya kuandikia hati; Linux ilipangwa kufuata baadaye.