Kisima chako kipo jirani na dampo? Soma hili kabla ya kumkorogea mtoto uji

"Nesi, mimi maji yangu nachemsha." Jibu hili nalisikia mara nyingi ninapotembelea kaya zilizo karibu na dampo. Ni jibu zuri, maana kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Lakini kwa kisima kilicho jirani na dampo, kuchemsha peke yake hakutoshi.

Nini kinaingia kisimani?

Mvua ikinyesha juu ya taka, maji hupenya katikati ya betri kuukuu, makopo ya rangi, dawa zilizotupwa, pempasi na vyakula vilivyooza. Yanatokea chini yakiwa meusi na yenye harufu kali. Kama dampo halikuwekewa tabaka la kuyazuia, yanazama ardhini mpaka yakutane na maji unayoyavuta kwa ndoo au pampu. Udongo wa kichanga huyapitisha haraka kuliko wa mfinyanzi.

Kwa mtoto, mambo mawili yananitia wasiwasi zaidi. La kwanza ni madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo unaokua. Hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. La pili ni naitreti, inayotokana na taka zinazooza na vinyesi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, damu ya mtoto mchanga hushindwa kusafirisha hewa ya oksijeni. Midomo, ulimi na kucha hubadilika kuwa rangi ya bluu au kijivu, naye huchoka na kuhema kwa shida. Ukiona hivyo, usisubiri asubuhi: mpeleke hospitali na uwaambie anatumia maji gani.

Vyote viwili havionekani wala havinuki. Ukichemsha, maji hupungua kwa mvuke lakini risasi na naitreti hubaki sufuriani, hivyo ukichemsha muda mrefu huzidi kukolea. Dawa ya kutibu maji na kitambaa cha kuchujia havitoi pia.

Ufanye nini na maji?

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama pekee. Hiyo ndiyo kinga yake kubwa hapa, kwa sababu naitreti anayokunywa mama haipiti kwenye maziwa kwa wingi wa kumdhuru mtoto. Anayelishwa maziwa ya kopo ndiye aliye hatarini zaidi, basi maji yake yatoke bombani au chanzo kingine kilichopimwa.

Najua maji ya kununua ni gharama. Tenga ndoo moja ya maji salama kwa kunywa na kupikia, ya kisima yafue na kudekia. Muulize pia mwenye mkokoteni anakochota. Wakati mwingine ni kisima kile kile ulichokikimbia.

Gesi je?

Taka zinapooza chini hutoa gesi, hasa methani na kaboni dayoksaidi. Methani yenyewe haina harufu. Ile harufu ya yai viza ni ya gesi nyingine, na pua huizoea, kwa hiyo kutosikia harufu hakumaanishi pako salama. Methani hupita chini ya udongo na kupenya kwenye nyufa za sakafu. Ikijaa chumba kilichofungwa na kufikia sehemu 5 hadi 15 kati ya 100 za hewa, cheche ya kiberiti yatosha kuilipua.

Ukihisi harufu ngeni ndani, au watu wa nyumbani wanaumwa kichwa na kupata nafuu wakitoka nje, usiwashe moto wala kubonyeza swichi. Toeni watoto, acheni mlango wazi, pigeni Zimamoto 114. Na asishuke mtu kwenye shimo au kisima karibu na dampo, hata kumwokoa aliyezimia humo. Huyo wa pili naye huzimia.

Dampo lililofungwa huendelea kutoa gesi kwa miaka mingi. Ukitaka kupanga au kununua kiwanja, waulize wazee wa mtaa pale palikuwa nini.

Nani anawajibika?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu nchini Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na NEMC ndiyo inayosimamia utekelezaji. Kabla ya sheria hiyo, wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji la Dar es Salaam Mahakama Kuu mwaka 1988 kuhusu dampo la mtaani kwao, wakapewa haki. Taka zilipohamia Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walienda mahakamani mwaka 1991 wakashinda.

Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa na Afisa Afya wa kata. Ombeni kisima kipimwe risasi na naitreti, siyo vijidudu tu, kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Ulizeni kama dampo lina tabaka la chini, mabomba ya kutolea gesi na visima vya kupimia maji pembezoni. Andikeni barua, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.