Saini za Watu 22

Jioni ya tarehe 1 Oktoba 2016, katika uwanja wa MCG mjini Melbourne, watu 99,981 waliona jambo ambalo wazee wengi wa kitongoji cha Footscray walikwisha kukata tamaa ya kuliona. Timu yao, Western Bulldogs, iliishinda Sydney Swans kwa pointi 89 kwa 67 na kutwaa ubingwa wa kandanda ya Australia kwa mara ya kwanza tangu 1954. Miaka 62 ya kungoja. Wachezaji wakavishwa medali mmoja mmoja. Kocha Luke Beveridge naye akavishwa ya kwake, ile iitwayo medali ya Jock McHale, ambayo hupewa kocha bingwa. Kisha akashika kipaza sauti na kumwita jukwaani Bob Murphy. Murphy alikuwa ndiye nahodha wa timu, lakini goti lilimtupa nje ya uwanja mwanzoni kabisa mwa msimu, na fainali aliitazama tu kama mimi na wewe. Beveridge akaivua medali yake shingoni, akamvisha.

Katika ligi ile medali ya ubingwa hawapewi wote waliotoka jasho msimu mzima. Hupewa waliotajwa kwenye orodha ya siku ya fainali, na mwaka ule walikuwa 22. Aliyecheza mechi zote akaumia wiki ya mwisho hana chake. Na jezi za kumbukumbu zinazotiwa saini na kuuzwa baada ya fainali, kwa kawaida, hufuata orodha hiyohiyo. Ndiyo maana siamini kwamba ukusanyaji wa vitu hivi ni mchezo wa matajiri wasio na kazi. Ni namna ya watu kubishana, kwa wino na kioo, juu ya nani alikuwepo.

Itazame kwa karibu jezi moja ya aina hiyo. Imekunjwa kwa ustadi mabega yakabaki wazi, maana jezi za mchezo huu hazina mikono. Saini zimetiwa kwa kalamu nene, ya rangi ya fedha kwenye kitambaa cheusi au nyeusi kwenye cheupe. Nyingine zimenyooka, nyingine zimepinda pale kalamu ilipokwama kwenye mshono. Chini kuna kibati chenye tarehe na matokeo. Pembeni kuna namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju: ya kwanza ni ya jezi hii, ya pili ni ya toleo zima. Nyuma ya fremu kumebandikwa cheti chenye nembo inayometameta ukiigeuza kwenye mwanga. Mwenye nayo huitundika ukuta usiopigwa na jua, kwa sababu jua hula wino kimyakimya. Miaka 10 ya dirisha lisilo na pazia inatosha kumfanya nahodha awe kivuli.

Kwa asiyewahi kuuona mchezo wenyewe: uwanja ni wa duara refu, uleule wa kriketi, kila timu huingiza watu 18, na mpira una umbo la yai. Kila upande kuna nguzo nne. Mpira ukipigwa ukapita kati ya mbili za katikati ni pointi 6, ukipita kati ya ya katikati na ya pembeni ni pointi 1. Aliyeudaka hewani baada ya kupigwa umbali wa kutosha hupewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa, na kwa hiyo wachezaji hupanda migongoni mwa wenzao kuufuata juu. Kanuni za kwanza, 10 tu, ziliandikwa kwa mkono Mei 1859 na wanachama wa klabu ya Melbourne, akiwamo Tom Wills, mcheza kriketi aliyekuwa amechapisha barua gazetini mwaka mmoja kabla akiomba iundwe klabu ya mpira. Ligi ya jimbo la Victoria ilianza kuchezwa 1897 ikiwa na timu 8, na mwaka 1990 ikabadili jina na kuwa ya Australia nzima.

Ukusanyaji ulianza bila mtu kuupangia. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya tumbaku ya Sniders & Abrahams ya Melbourne ilitia kadi ndogo zenye picha za wachezaji ndani ya pakiti za sigara. Baba alivuta, mtoto alichukua kadi. Mwaka 1912 likatoka jarida dogo la mechi, Football Record, likiuzwa uwanjani kwa peni moja, na msimu huohuo wachezaji wakaanza kuvaa namba mgongoni kwa kudumu. Mambo hayo mawili yalihitajiana: jarida lisingeuzika kama mtazamaji asingeweza kulinganisha namba ya uwanjani na jina la kwenye ukurasa. Hapo ndipo namba ilipoanza kuwa mali ya mtu.

Hakuna namba inayoeleza hilo vizuri kama 31. Ron Barassi mkubwa aliivaa akiichezea Melbourne, akaenda vitani, akauawa Tobruk mwaka 1941. Mwanawe, aliyeitwa pia Ron, alipokua aliichezea klabu ileile na akavaa 31 ileile. Akachukua nayo ubingwa mara 6, wa mwisho 1964, na mwisho wa mwaka ule akahamia Carlton. Wazee wa Melbourne walilizungumza jambo hilo kama watu wanaozungumzia talaka. Barassi alifariki Septemba 2023, na sasa saini yake haiongezeki hata moja. Wakusanyaji wana desturi ya kuiwania nakala ambayo namba yake ya toleo inalingana na namba ya mgongoni mwa mchezaji. Nakala ya 31 ya kitu chochote cha Barassi si karatasi sawa na ya 30, ingawa zote mbili zilipita chini ya mkono mmoja mchana mmoja. Mwenye kuliona hilo kuwa ni upuuzi hajawahi kutunza kanga ya marehemu bibi yake.

Kuanzia 1963 zikaja kadi za Scanlens, zilizouzwa pamoja na bablishi. Seti ya kwanza ilikuwa na kadi 18. Watoto walizibadilishana, walizirusha ukutani kuona ya nani itaanguka karibu, walizibana kwenye spoku za baiskeli zilie kama pikipiki. Sukari ya bablishi iliacha doa. Mama alipofagia chumba, zilikwenda na taka. Kadi ya 1963 iliyobaki na pembe zake nne kamili ina thamani leo kwa sababu watoto wengi wa wakati ule walizipenda kadi zao kiasi cha kuziharibu. Mimi uhaba wa namna hii nauheshimu kuliko mwingine wowote. Hakuna aliyeupanga. Fitzroy nayo, klabu iliyokuwa miongoni mwa zile 8 za 1897, ilicheza mechi yake ya mwisho Septemba 1996 kisha ikaunganishwa na timu ya Brisbane. Skafu ya Fitzroy iliyofumwa na shangazi wa mtu haina cheti wala namba, lakini toleo lake limefungwa milele.

Katikati ya uhaba wa bahati na uhaba wa kupangwa anasimama mchoraji mmoja. William Ellis Green alichora vibonzo katika gazeti la The Herald la Melbourne na kuvitia saini ya herufi tatu, WEG. Mwaka 1954 Footscray, ndiyo hao hao Western Bulldogs wa leo, ilipotwaa ubingwa wake wa kwanza, alichora bango la mbwa wa timu hiyo akisherehekea. Kila mwaka uliofuata akachora mnyama au kikaragosi cha bingwa mpya, mpaka 2008, mwaka aliofariki. Tangu 2009 kazi hiyo anaifanya Mark Knight. Mabango huuzwa kwa bei ambayo kila mtu anaimudu, mara tu mchezo unapokwisha, na kwa miaka mingi mapato yamekwenda kwenye mchango wa Ijumaa Kuu wa hospitali ya watoto ya Melbourne, mchango ulioanza tangu 1931. WEG alirudi nyuma pia, akachora mabango ya mabingwa wa miaka ya kabla ya 1954, ili kila klabu iwe na ukuta uliokamilika. Kuna mabango yaliyotiwa saini na yeye mwenyewe, na hayo ndiyo huwaniwa. Nikiambiwa nichague kitu kimoja katika historia yote hii, nitachagua bango lake la 1954, hata kama limekunjwa mara nne na kutobolewa kwa misumari ya ukuta wa kinyozi.

Biashara kamili ilishamiri katika miaka ya 1990, ligi ilipokwisha kuvuka mipaka ya Victoria na televisheni kuwafanya wachezaji wajulikane Perth na Adelaide sawasawa na Melbourne. Watengenezaji wakaanza kuamua mapema: nakala 500, nakala 100, kisha hakuna tena. Mchezaji hukaa mezani akatia saini moja baada ya nyingine mpaka kiganja kinakufa ganzi. Anayetazama fungu la jezi kwa uangalifu huweza kuona saini za asubuhi zilivyo na herufi zote na za jioni zilivyobaki mstari na mkia. Hiyo ni dalili njema. Saini zinazofanana kama pacha kwenye nakala mbili ndizo za kutiliwa shaka, kwa sababu mkono wa binadamu haujirudii, mashine ndiyo hujirudia. Saini iliyochapwa pamoja na picha haina kina. Ukiinamisha karatasi kwenye taa, wino wa kalamu hung'aa peke yake juu ya picha, na ule wa kuchapwa hulala ndani yake.

Picha inayostahili kutazamwa hivyo ni ya tarehe 17 Aprili 1993. St Kilda walikuwa wamekwenda Victoria Park, nyumbani kwa Collingwood, na wachezaji wao wawili wenyeji asilia, Nicky Winmar na Gilbert McAdam, walitukanwa rangi yao na mashabiki mchana kutwa. St Kilda wakashinda. Filimbi ya mwisho ilipolia, Winmar akageukia jukwaa la watukanaji, akapandisha jezi yake kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaonyesha kidole ngozi ya tumbo lake. Wapiga picha Wayne Ludbey na John Feder waliinasa sekunde hiyo, kila mmoja kwa kamera yake. Miaka miwili baadaye, 1995, ligi ikaweka kanuni ya kuzuia matusi ya rangi uwanjani, na mwaka 2019 sanamu ya Winmar akiwa vilevile ikasimamishwa nje ya uwanja mkuu wa Perth, katika jimbo alikozaliwa. Nakala za picha hiyo zenye saini yake zimo katika nyumba nyingi za Australia. Mtu aliyetukanwa mbele ya maelfu anapoweka jina lake chini ya picha ya siku ile, haandiki pambo. Anasema tena lile alilolisema kwa kidole.

Vitu vyenyewe, vilivyoguswa na mechi, ni habari nyingine. Tarehe 25 Machi 2022, Lance Franklin wa Sydney alifunga goli lake la 1,000. Mpira ukaingia jukwaani, na maelfu kwa maelfu ya watu wakaruka uzio na kumzingira uwanjani. Mechi ikasimama zaidi ya nusu saa. Hakuna nakala 500 za mpira ule. Jezi, mabango na picha vilivyotolewa kusherehekea goli hilo ni mwangwi wake, na wanaovinunua wanajua hivyo. Wananunua ushahidi kwamba walikuwa hai usiku ule.

Narudi kwenye fainali ya 2016, maana kulikuwa na jina jingine lililokosekana, upande wa walioshindwa. Aliir Aliir alizaliwa Kakuma, kambi ya wakimbizi katika nchi kavu ya Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, mwaka 1994, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita vya Sudan. Alifika Australia akiwa mtoto na mchezo wenyewe aliujulia huko. Mwaka ule wa 2016 ulikuwa wake wa kwanza kuichezea Sydney Swans katika mechi za ligi, na akacheza vizuri kiasi kwamba mashabiki walishika jina lake upesi, jina lisilosahaulika kwa sababu hutamkwa mara mbili. Wiki moja kabla ya fainali akaumia goti. Kwa hiyo jioni ile Beveridge alipokuwa akimvisha Murphy medali, kijana wa Kakuma alikuwa miongoni mwa waliotazama, na karatasi ya orodha ya Sydney haikuwa na jina lake.

Baadaye alihamia Port Adelaide. Mwisho wa msimu wa 2021 ligi ilitangaza, kama inavyofanya kila mwaka, kikosi cha wachezaji wake bora kutoka timu zote 18, kila mmoja akapewa koti lake rasmi. Kikosi hicho nacho kilikuwa cha watu 22. Safari hii Aliir Aliir yumo.